Chanzo: Kuanguka

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole, na uchovu wa kukesha ulikuwa umemjaa machoni. Alisimama miguuni pa kitanda cha mpwa wangu, kalamu mkononi, akimuuliza dada yangu maswali ya fomu.

"Ilikuwaje, mama?"

"Ameanguka, baba. Ghorofani."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili."

Akaandika. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikakiona alichoandika: *Chanzo: kuanguka kutoka juu.* Akafungua ukurasa wa pili na kuanza kuuliza habari za mkojo, kama umetoka wenyewe au la.

Mpwa wangu alikuwa amelala chali na hakuwa amesema neno tangu tulipofika. Akanigeuzia macho tu, maana shingo walikuwa wamemkataza kuigeuza.

"Mjomba, mwambie nilikuwa kazini."

Nikamwambia. Daktari akaipitia fomu juu mpaka chini, kisha akaniangalia. "Hapa hakuna sehemu ya kuandika hilo, mzee wangu. Lakini nimekuelewa."

Alinielewa kweli, sina shaka naye. Ila faili lilibaki vilevile, na kwa wiki nyingi sasa sentensi ile ya mpwa wangu haijanitoka kichwani.

## Siku ya kumwaga zege

Aliyewahi kujenga Dar es Salaam anaijua siku ya kumwaga slebu, ile sakafu ya zege ya ghorofa. Mashine ya kuchanganyia imekodiwa kwa siku moja. Vibarua wamechukuliwa alfajiri kijiweni, wengine hawajawahi kuiona saiti hiyo. Zege likishachanganywa halimsubiri mtu, kwa hiyo kuanzia asubuhi ndoo zinapanda mkono kwa mkono, huyu anampa yule, kwenye jukwaa la mirunda lililoshikizwa kwa misumari na kamba. Hakuna anayekaa mpaka slebu iishe.

Malipo ya siku hiyo yalikuwa shilingi 20,000 na chakula cha mchana.

Mpwa wangu aliwekwa katikati ya msururu. Alichokuwa amekanyaga ni banzi lililokwisha kutumika saiti nyingine kabla ya hapo. Likakatika. Pembeni hapakuwa na mti wa kushikilia, wala yeye hakuwa na mkanda. Alishuka na ndoo yake, akatua kwa makalio juu ya rundo la kokoto.

Mpasuaji alinionesha picha baadaye. Pingili za kifuani zimeshikana na mbavu, hazichezi sana. Za kiunoni ziko huru, ndizo tunazoinamia. Pale zinapokutana, pingili ya 12 ya kifua na ya kwanza ya kiuno, ndipo nguvu ya anguko huishia. Mtu akitua kwa makalio au kwa visigino, uzito wa mwili unakandamiza kutoka juu, ardhi inakataa kutoka chini, na pingili inapasuka. Vipande vyake vinasukumwa nyuma, kwenye mfereji wenye ule uti laini unaopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari za maumivu, joto na haja.

Kwa hiyo mtu huyo anaamka akiwa na mikono yake yote, akili yake yote, sauti yake yote. Chini ya kitovu hana habari.

## Saiti ile ilikuwa imejaa mbao

Hapa ndipo usingizi wangu unapokatika.

Wenzake walimkimbilia. Wawili wakamwinua kwa makwapa, mmoja kwa magoti, wakamkunja kwenye bajaji, kichwa kikalazwa mapajani mwa fundi. Barabara ya kutoka pale hadi lami ni mashimo matupu.

Nilimuuliza mpasuaji: uti uliumia alipotua, au uliumia kwenye bajaji? Akanyamaza kidogo, akasema hakuna anayeweza kuyatenganisha hayo mawili. Pingili ikishavunjika haina tena uwezo wa kuulinda uti, na kila mkunjo unaweza kuongeza jeraha. Unaweza. Neno hilo moja limenitesa kuliko jibu lolote ambalo angenipa.

Basi niseme hapa kwa urefu, kwa sababu wasomaji wangu wengi wana nyumba wanazojenga. Mtu akianguka kutoka juu, usimwinue na usimkalishe. Kama hayuko katika hatari nyingine mahali alipo, mwache hapohapo, apate hewa. Mmoja apige magoti kichwani pake, ashike kichwa kwa mikono miwili kilivyo, bila kukivuta wala kukigeuza. Mkimtoa, mgeuzeni watu wanne au watano kwa pamoja, kichwa, mabega, nyonga na miguu vikienda kwa hesabu moja, mumlaze juu ya mlango au mbao ngumu, mumfunge asiteleze. Kisha tafuteni gari ambalo atalala kwa urefu wake: pikapu, kirikuu, chochote, ilimradi asikunjwe. Kuchelewa dakika kadhaa mkitafuta ubao ni afadhali kuliko kufika haraka naye akiwa amekunjwa.

Saiti ile ilikuwa imejaa mbao.

Siwalaumu vijana wale. Walikimbia na mwenzao kwa jinsi walivyojua, na yule fundi aliyempakata alikuja wodini kila jioni mpaka tukazoeana. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuisikia, na hakuna mtu aliyewahi kuja kijiweni kuwaonesha namna ya kumbeba mwenzao.

## Kazi haionekani

Nilianza kusoma usiku, kama watu wengi wanavyofanya wakiwa na mgonjwa. Nilitaka kujua jambo moja tu: duniani, ni wangapi wanaoumia uti wa mgongo wakiwa kazini?

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha la uti wa mgongo. Linasema sababu kubwa ni kuanguka na ajali za barabarani, na kwamba miongoni mwa watu wazima wenye jeraha hilo, zaidi ya asilimia 60 hawana ajira. Nikasoma, nikarudia. Wanapoteza kazi, hilo limehesabiwa. Ni wangapi walioumizwa na kazi yenyewe? Hapo namba zikawa zinatofautiana nchi kwa nchi, na mahali pengi hazipo.

Sababu nikaipata kwenye fomu tena. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa jeraha hili, ISCoS, kina orodha fupi ya taarifa za msingi ambazo kila hospitali inashauriwa kukusanya. Kwenye chanzo cha jeraha kuna michezo, shambulio, usafiri, kuanguka, na sababu nyingine. Kazi haimo. Orodha ndefu zipo zinazouliza zaidi. Hata toleo la 10 la mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa lina namba ya aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, W12, na ya aliyeanguka kutoka mtini, W14, na nafasi ya kuongeza kwamba mtu huyo alikuwa akifanya kazi ya kujipatia kipato. Lakini nyongeza hiyo ni ya hiari ya anayejaza. Wodi ikiwa imefurika, anaijaza nani?

Matokeo yake ni kwamba kazi inafichwa ndani ya maneno mengine. Dereva wa bodaboda aliyegongwa akiwa na abiria ni "ajali ya barabarani", na barabara hiyo ndiyo ofisi yake. Utingo aliyerushwa kutoka juu ya mzigo ni "ajali ya barabarani". Mkwezi aliyeteleza kwenye vidato vya mnazi ni "kuanguka". Mchimbaji aliyefunikwa na kifusi kwenye duara, yaani shimo la mgodi, ni "kuangukiwa na kitu". Bangladesh, kituo cha watu waliopooza kilichopo Savar, CRP, kiliwahi kuwachunguza wagonjwa wake wa miaka ya 1994 na 1995, kikakuta kwamba takriban mmoja kati ya watano alivunjika alipoanguka akiwa na mzigo mzito kichwani. Hao ni wapagazi na wakulima. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria wabeba viroba wetu wa sokoni, wanaopita mbio kwenye matope na kilo 100 kichwani wakipiga kelele tuwapishe.

Nilimsomea dada yangu mambo hayo pembeni ya kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anakunja shuka.

"Kaka, hata wangeandika alikuwa kazini, ingemsimamisha?"

Sikuwa na la kusema. Nililala na swali lake siku kadhaa, na nusura niache kabisa kuandika makala haya.

## Mwajiri ni nani?

Jibu la swali la dada lilianza kuja tulipotafuta fidia.

Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti, na mfuko unalipa matibabu, pensheni na hata gharama za mtu wa kumhudumia aliyeumia vibaya. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2007, na mtu aliyepata ulemavu kamili wa kudumu hukadiriwa kwa mshahara wa miezi 96. Nimezisoma sheria zote mbili kwa heshima. Ni sheria nzuri kwa mtu mwenye mwajiri.

Mpwa wangu aliajiriwa na nani? Mwenye nyumba anasema alimpa kazi fundi mkuu kwa mkataba wa maneno, bei ya jumla. Fundi mkuu anasema slebu alimwachia fundi mwingine. Fundi huyo, yule aliyempakata kwenye bajaji, anasema yeye mwenyewe analipwa kwa siku, alichofanya ni kupita kijiweni kusema wanatakiwa watu kumi. Hakuna karatasi. Hakuna jina lililosajiliwa popote. Mwenye nyumba alileta mchele, mafuta na pesa kidogo, akatupa pole ya dhati, akasema ajali haina kinga.

Nilimheshimu kwa kuja. Lakini banzi lile lilikuwa na kinga yake: ubao mzima, na mti mmoja wa kushikilia pembeni.

Hapo nikamwelewa mpwa wangu. Aliposema "mwambie nilikuwa kazini" hakuwa anaomba huruma ya daktari. Alikuwa anatafuta mtu wa pili katika habari hii. Kwenye neno "kuanguka" yuko peke yake.

## Senti 5 kwa tani

Kitu kilichonigeuza mawazo kilitoka mbali, kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Marekani.

Kwenye migodi yenye mwamba mwembamba wa makaa, mchimbaji hufanya kazi amepiga magoti, mgongo umeinama. Paa la mgodi likimwangukia katika hali hiyo, linamkunja zaidi, na anavunjika palepale alipovunjika mpwa wangu. Mpaka miaka ya 1940, wengi wao walirudishwa nyumbani milimani Appalachia, wakalala kitandani miaka na miaka wakiwa na vidonda vya mgandamizo, wakihudumiwa na wake na mama zao. Nao pia hawakuonekana.

Tarehe 29 Mei 1946, baada ya mgomo mkubwa na serikali kuitwaa migodi, kiongozi wa chama chao, John L. Lewis, alisaini mkataba na waziri Julius Krug. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa ustawi uliolipiwa kwa senti 5 kwa kila tani ya makaa inayochimbwa. Mfuko ukatuma watu vijijini kuwatafuta waliopooza, wakawakuta, wakawapandisha treni kuwapeleka kwenye vituo vya tiba New York na California. Huko walitibiwa vidonda, wakafundishwa kiti mwendo, wakafundishwa kudhibiti kibofu, na baadhi yao wakarudi kufanya kazi nyingine.

Elimu yenyewe ilikuwa mpya. Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alikuwa ameanza kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville mwaka 1944 na askari waliovunjwa migongo vitani. Kabla yake madaktari waliwahesabu watu hao kuwa wafu, kwa sababu vidonda na maambukizi ya mkojo viliwaua mapema. Yeye akasisitiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Nairobi nako, hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo chimbuko lake ni askari wa vita hiyohiyo. Nimelifikiria hilo sana. Askari alihudumiwa kwanza kwa sababu dola ilikiri kwamba ndiyo iliyompeleka vitani. Kibarua hapelekwi na mtu, au ndivyo tunavyosema.

Dada yangu naye ameweka kengele ya simu ilie kila baada ya saa mbili. Hajalala usiku mzima tangu mwanawe atoke hospitalini.

Kilichonishika kwenye senti 5 ni hiki: zililipwa na makaa. Kila tani ilipotoka ardhini ilitoka na deni la migongo ya watu. Sitaki kuupamba mfuko ule kupita kiasi. Uliwafaa wa migodi iliyosaini, na biashara ya makaa ilipodorora uliwanyang'anya huduma watu wengi na kuuza hospitali zake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fedha iliyofungwa kwenye bidhaa hupanda na kushuka na bidhaa. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa watu waliosahaulika walitafutwa mlango kwa mlango.

## Tumewahi kulijua hili wenyewe

Kumbe si lazima kwenda Marekani.

Karafuu ya Zanzibar huchumwa kwa mkono, juu mtini, na tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika. Mchumaji analipwa kwa pishi, kwa hiyo anasogea mpaka ncha ya tawi, ambako mafungu ni mazito. Kila msimu Pemba kuna watu wanaoanguka. Wachumaji hao hawana mwajiri wa maandishi, kama mpwa wangu. Leo mchumaji yuko shamba hili, kesho lile. Lakini karafuu zote zinauzwa mahali pamoja, kwa shirika la serikali, ZSTC, na shirika hilo limewahi kutoa fidia kwa walioanguka mikarafuu.

Walitoa kwa sababu mchumaji alianguka akichuma karafuu yao. Swali la nani alimwita shambani asubuhi hiyo halikuwa na haja ya kujibiwa kwanza.

## Mfuko wa saruji

Basi haya ndiyo ninayoyaamini sasa, na ninayaandika nikijua kuna wasomaji wa bima, wa sheria na wa ujenzi watakaonipinga.

Kijiweni hakuna mwajiri wa kumkamata, lakini kuna saruji. Hakuna slebu inayomwagwa bila saruji, iwe ya mkandarasi mkubwa au ya mjane anayeongeza chumba. Viwanda vinavyoitengeneza vinahesabika. Mfuko wa saruji una kilo 50. Tani milioni moja ni mifuko milioni 20. Ikiwekwa tozo ya shilingi 50 kwa kila mfuko, ya kuwalipia walioumia kazini, tani milioni moja inatoa shilingi bilioni moja, na nchi yetu inatengeneza tani milioni kadhaa kwa mwaka. Mafuta tayari tunayakata tozo kwa ajili ya barabara. Aliyevunjika mgongo akiendesha bodaboda kwenye barabara hizo anaweza kukumbukwa kwa njia hiyohiyo.

Nimejipinga mwenyewe. Tozo nyingine tena? Mjane yule ataongezewa gharama? Ndiyo, ataongezewa. Akinunua mifuko 100 atatoa shilingi 5,000, robo ya malipo ya siku moja ya kibarua. Pia nimejiuliza kama mwenye jengo hataona kwamba ameshalipa, aendelee na mabanzi yake mabovu. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana sehemu ya fedha ingelazimika kwenda vijiweni: mikanda, ngazi, mafunzo ya kumbeba aliyevunjika. Na fedha isipokuwa na mtu wa kuilinda, italiwa. Kwa hilo sina jibu zaidi ya kudai hesabu zitangazwe kila mwaka.

Lakini hakuna mfuko wa fidia utakaolipa kwa jeraha ambalo halikuandikwa. Ndilo jibu langu kwa dada. Kuandika "alikuwa kazini" hakutamsimamisha mwanawe. Kungehesabika, na kinachohesabika kinaweza kudaiwa.

Mahitaji ya mpwa wangu kwa sasa ni haya: mipira ya mkojo ya kutumia mara kadhaa kwa siku, kwa maisha yake yote, maana mkojo ukirudi nyuma unaharibu figo. Godoro lisilomchubua. Kiti mwendo kinachoweza kupita kwenye mchanga wa mtaani kwetu, si kile cha korido ya hospitali. Mtu wa kumpokea dada usiku mmoja kwa wiki. Kipimo cha figo kila mwaka. Ufundi wa kufanya akiwa amekaa, kwa sababu mikono yake ni mizima na tangu zamani alikuwa hodari wa kutengeneza redio.

Nimekusanya bei za vitu hivyo vyote kutoka maduka ya Kariakoo na kwa watu wenye hali kama yake. Anayetaka kuziona ili tupige hesabu ya tozo vizuri zaidi, aniandikie, nitamtumia jedwali zima.